Karamu za Kuagana Katika Mkahawa wa Kiitalia: Je, Zatufaa?



Kwa miaka ya karibuni imeingia desturi katika matawi yetu ya hapa Dar es Salaam ambayo twaona yafaa isemwe waziwazi kabla haijaota mizizi. Mwenzetu akistaafu, au akipanda cheo, au akihamishiwa Dodoma, halmashauri hutoa waraka kuwaarifu wanachama ya kuwa ataagwa kwa chakula cha usiku katika mkahawa wa Kiitalia, mmojawapo wa ile ya fahari iliyoko upande wa Masaki na Msasani, na ya kuwa kila mwanachama atoe kiasi fulani cha fedha kabla ya tarehe fulani. Mwanachama haulizwi kama anataka wala kama anaweza. Jina lake limekwisha kuandikwa katika orodha, na asipotoa, orodha hiyo husomwa mkutanoni mbele ya wenziwe, na nafasi iliyo mkabala na jina lake huonekana tupu.

Sisi twasema desturi hiyo ikome. Hatusemi hivyo kwa kuwachukia Waitalia, wala kwa kukidharau chakula chao, ambacho ni kizuri na tumekila kwa furaha. Twasema hivyo kwa sababu karamu iliyokusudiwa kumheshimu mtu mmoja imegeuka kuwa kodi juu ya watu wengi, na kwa sababu heshima tunayodhani twainunua pale mezani haiuzwi pale, wala haijapata kuuzwa.

Si haki kumshinda mtu kwa hoja ambazo hakuzisema. Basi na tuzitaje hoja za wale wanaoitetea desturi hii, kama tulivyozisikia wenyewe. Wao husema mambo matatu. Kwanza, kwamba mtu aliyeitumikia serikali miaka thelathini na zaidi hastahili kuagwa kwa soda na sambusa katika chumba cha mikutano, bali astahili mahali pa heshima. Pili, kwamba kwenda mahali kama pale ni elimu, maana karani asiyejua kushika uma na kusoma orodha ya vyakula ataaibika siku atakapotumwa safari za kazi. Tatu, kwamba zamani za ukoloni hoteli kubwa za mji huu zilimfungia Mwafrika mlango, na kwa hiyo ni wajibu wetu kuingia kwa mlango wa mbele na kukaa kwenye viti ambavyo babu zetu walivipangusa tu vumbi. Hoja hizi si za kipuuzi, hasa ile ya tatu, nasi tutazijibu moja baada ya moja. Lakini kwanza yatupasa kujua ni kitu gani hasa tunachokila, maana wengi wetu twalipa pasipo kujua.

Chukua kwanza kile kiitwacho polenta, ambacho katika orodha huandikwa kwa herufi za kulala, kikawekwa kando ya samaki au nyama, na bei yake ikawa ya kumshtua mtu. Polenta ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji ya moto na chumvi. Ndugu zetu, huo ni ugali. Mahindi yalitoka Amerika, yakafika Ulaya baada ya safari za Columbus za tangu mwaka 1492, kama yalivyokuja pwani yetu baada ya Wareno kufika. Huko kaskazini ya Italia, katika nchi za Veneto na Lombardia, wakulima maskini waliyapokea, na kwa muda wa karne mbili wengi wao hawakuwa na chakula kingine. Wenye mashamba waliuza ngano. Mkulima alibaki na polenta asubuhi na polenta jioni. Kwa kula mahindi matupu waliugua ugonjwa wa ngozi kuchubuka, kuharisha na kurukwa na akili, hata kufa, nao daktari Francesco Frapolli wa Milano akauita pelagra mwaka 1771, kwa maneno ya lugha yao yenye maana ya ngozi iliyokwaruza. Haikujulikana sawasawa dawa yake mpaka mwaka 1937, ilipothibitika ya kuwa kiini cha ugonjwa ule ni kukosa kirutubisho kiitwacho niasini. Hicho ndicho chakula ambacho karani wa leo hukiagiza kwa sauti ya chini, kana kwamba ataja jina la mfalme, ilhali nyumbani huona haya mgeni akimkuta anakula ugali.

Chukua tena ile supu ya Toscana iitwayo ribollita. Jina lake maana yake ni kitu kilichochemshwa tena. Ni maharagwe na mboga za majani na mkate mkavu wa jana, hupashwa moto siku ya pili kwa sababu mama wa nyumba hakuwa na cha kutupa. Sisi twakiita kiporo. Hakuna mtu wa Dar es Salaam asiyekijua kiporo, wala hakuna aliyepata kukivalia tai.

Piza nayo, katika mji wa Napoli wa karne ya 18 na ya 19, ilikuwa chakula cha wachuuzi na wapagazi, ikiuzwa barabarani kwa vipande, na ya kwamba mtu aliweza kuila leo akailipa baada ya siku nane ni habari inayosimuliwa hata sasa. Kwa hiyo hata mkopo wa tumbo si jambo geni kwa chakula hiki. Mwaka 2017 shirika la UNESCO liliitia sanaa ya wapishi wa piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa wanadamu, na ni vema. Lakini sanaa iliyosifiwa ni ya mikono ya mafundi wale na tanuri zao za kuni, wala si ya vitambaa vya meza.

Ama tambi, watu wa pwani hawahitaji kufundishwa na mtu. Mama zetu wa Tanga na Unguja huzipika kwa sukari na tui na iliki, na mwezi wa Ramadhani hazikosekani sinia. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyemwandikia mfalme Roger wa Sicilia kitabu chake, kilichokamilika mwaka 1154, alitaja mji wa Trabia karibu na Palermo, ambako zilitengenezwa tambi kavu kwa wingi na kupakiwa merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Basi zaidi ya miaka mia nane iliyopita tambi zilikwisha kuwa bidhaa ya watu wa bahari, kama tende na mchele. Tena majirani zetu Wasomali, ambao kusini mwa nchi yao kulitawaliwa na Waitalia hata mwaka 1941, na kisha kukawa chini ya ulezi wao kwa niaba ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1950 hadi 1960, walizichukua tambi zile, wakaziita baasto, wakazitia viungo vyao, wakazila kwa mkono na ndizi mbivu kando. Wao walichukua chakula wakaiacha haya. Sisi twaelekea kuichukua haya kwa bei kubwa, na chakula tukakiacha nusu sahanini.

Wala wenyewe Waitalia hawakupewa heshima hii tangu mwanzo. Kati ya miaka ya 1880 na mwaka 1915, watu zaidi ya milioni 10 waliihama nchi yao kwa umaskini, wengi wakaenda Marekani na Argentina. Huko New York, kwa miaka mingi, chakula chao kilidharauliwa kuwa chakula cha vibarua, chenye harufu ya kitunguu saumu, na watu wa fahari walikwenda kula kwa Wafaransa. Baadaye mambo yakageuka, na sahani ileile iliyochekwa ikawa ya kujivunia. Twayasema haya ili ionekane ya kuwa fahari ya chakula hupanda na kushuka kama bei ya karafuu, na mtu mwenye akili hajengi heshima yake juu ya kitu cha namna hiyo.

Labda mtu atatuuliza: ikiwa chakula chenyewe ni unga na maji, mbona bei yake ni kubwa namna ile? Hatumlaumu mwenye mkahawa. Hulipa pango la mahali penye upepo wa bahari. Huleta jibini na mafuta ya zeituni na mvinyo kutoka ng'ambo, na kulipia ushuru. Huwalipa wapishi na wahudumu. Huendesha majokofu usiku na mchana. Mtu anayekwenda pale kwa hiari yake, akijua kwamba analipia upepo, utulivu, kitambaa cheupe na ustadi wa mpishi, amenunua alichokitaka na bei ni halali. Kosa liko kwetu sisi tunaomwambia tarishi na karani wa daraja la chini: nunua usichokitaka, kwa fedha usiyonayo, na ukikataa tutalisoma jina lako.

Hapo ndipo penye uzito wa neno letu. Wanachama wote wajua ya kuwa sheria ya nchi yetu humlinda mtumishi wa umma asikatwe mshahara wake hata akabakiwa na chini ya theluthi moja. Sheria hiyo iliwekwa kwa sababu ilionekana jinsi watumishi walivyomezwa na madeni. Wengi katika ofisi zetu wamefika kwenye mpaka huo: mkopo wa nyumba, mkopo wa ada za watoto, mkopo wa msiba. Theluthi ile iliyobaki ndiyo unga, ndiyo nauli, ndiyo dawa. Sasa mchango wa karamu haukatwi katika hati ya mshahara. Hutolewa mkononi, na kwa hiyo huingia moja kwa moja katika ile theluthi ambayo sheria ilikataza isiguswe. Jambo ambalo mkopeshaji halali haruhusiwi kulifanya, chama cha wafanyakazi wenyewe chalifanya, tena kwa jina la upendo.

Na tufanye hesabu ya mfano, kama tulivyofundishwa shuleni. Tuseme tawi lina wanachama 40, na kila mmoja ameambiwa atoe shilingi 90,000. Jumla yake ni shilingi 3,600,000. Tuseme katika fedha hizo mstaafu hupewa zawadi ya shilingi 300,000, na zilizobaki, yaani shilingi 3,300,000, huliwa usiku mmoja. Basi katika kila shilingi 12 zilizotolewa kwa jina lake, yeye amepata moja, na mkahawa umepata kumi na moja. Tuseme sasa tumefanya karamu ya mchana katika ukumbi wa kawaida, tukampa kazi mama lishe hodari apike pilau, nyama, kachumbari na matunda, kwa shilingi 20,000 kila mtu, nayo ni karamu nzuri. Jumla ni shilingi 800,000. Ikiwa mchango ni uleule, zabaki shilingi 2,800,000 za kumkabidhi mzee wetu mkononi, wakati anapongoja mafao yake na nyumba yake haijaezekwa. Na ikiwa twapunguza mchango kuwa nusu, bado zabaki shilingi 1,000,000 za kumpa, na kila mwanachama amerudi nyumbani na shilingi 45,000 zake. Anayeweza kuonyesha kosa katika hesabu hii na aandike. Gazeti hili halimnyimi mtu nafasi.

Tena liko jambo la dini, ambalo twashangaa kwamba halmashauri haikulifikiri hata kidogo. Katika matawi yetu wamo Waislamu na Wakristo na Wasabato. Vyakula vingi vya Kiitalia vina nyama ya nguruwe, na si kila mara hutajwa katika orodha. Tambi ziitwazo carbonara, na zile ziitwazo amatriciana, hutiwa mafuta na nyama ya shavu la nguruwe. Mchuzi wa nyama wa Bologna mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe. Wali wao uitwao risotto kwa kawaida huanza kwa kutiwa mvinyo mweupe, na tamutamu iitwayo tiramisù aghalabu hutiwa kileo. Matokeo yake ni kwamba mwanachama Mwislamu au Msabato hutoa fedha sawasawa na wengine, kisha hukaa saa tatu akila mkate na majani, akinywa maji, huku akilipia sehemu yake ya chupa za mvinyo wa wengine. Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa mwanzilishi wake mkuu, kiliwaunganisha makarani pasipo kutazama dini wala kabila. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa sisi, baada ya miaka zaidi ya mia moja, tutatenganishwa na sahani.

Wala tusisahau njia ya kurudi. Aliyeketi ofisini juu ana gari. Tarishi akaaye Mbagala, au dada wa usafi akaaye Gongo la Mboto, hutoka Masaki saa nne au saa tano usiku akatafuta daladala ambazo zimekwisha kupungua, au hukodi bodaboda kwa fedha ambayo haikuandikwa katika waraka. Twajua tarishi mmoja mzee, ambaye hatutamtaja, aliyeagwa kwa namna hii. Alikaa katikati ya meza, akapewa orodha ya vyakula, akaishika muda mrefu kisha akasema kwamba hana njaa. Alikula mkate. Hotuba zilisomwa, zikamsifu kwa Kiingereza. Zilipokwisha, alitoka mlangoni akamlipa mwenye bodaboda kwa fedha yake mwenyewe. Mtu huyu alibeba majalada ya ofisi ile kwa miaka mingi wala halikupotea hata moja. Je, usiku ule aliheshimiwa yeye, au waliheshimiwa wale waliotaka kuonekana mahali pale?

Sasa tuzijibu zile hoja tatu.

Ya kwanza, ya heshima. Twakubali kabisa ya kuwa soda na sambusa mbili hazimtoshi mtu aliyemaliza utumishi wake. Lakini katika desturi zetu sote, kuanzia Kagera hata Mtwara, mtu huheshimiwa kwa kukaliwa, kwa kusikilizwa, na kwa kupewa kitu cha kumfaa. Mgeni wa heshima huulizwa anapenda kula nini. Hatukupata kusikia mstaafu wetu hata mmoja akiulizwa. Kama angeulizwa, labda angetaja samaki wa kupaka, au ndizi na nyama, au tambi hizohizo za Kiitalia. Basi na apewe alichokitaja. Hiyo ndiyo heshima. Kumchagulia kwa kutazama picha tutakazopiga si heshima.

Ya pili, ya elimu. Twakubali ya kuwa ni vema karani ajue mambo ya ulimwengu. Lakini elimu ya uma na orodha ya vyakula hujifunzwa kwa dakika kumi, nasi tutaitoa hapa bure. Mlo wa Kiitalia huenda kwa mafungu: antipasto ni vitafunio vya kufungulia; primo ni tambi, wali au supu; secondo ni nyama au samaki; contorno ni mboga za kando, ambazo hulipiwa mbali; dolce ni kitu kitamu cha mwisho. Hakuna sheria ya kuagiza mafungu yote, na mtu akila primo peke yake hajavunja adabu hata kidogo. Samaki aliyeandikwa kwa uzito, uliza atafika bei gani kabla hajapikwa. Maji yakiletwa katika chupa, uliza kama yanalipiwa. Mkate ukiwekwa mezani bila kuagizwa, uliza vilevile. Tambi ndefu huzungushwa kwa uma peke yake, wala hazikatwi kwa kisu, lakini ukizikata hutashitakiwa. Neno usilolijua, muulize mhudumu, naye atafurahi kukueleza. Elimu yote ni hiyo. Kinachowatesa watu wetu pale si kukosa elimu; ni hofu ya kuuliza. Karani yuleyule ambaye ofisini hatii sahihi hati pasipo kuisoma mara mbili, akifika pale huagiza kitu asichokijua, kwa bei asiyoitazama, ili mwenziwe asimdhanie mshamba. Hofu ya namna hiyo haiponywi kwa kwenda mara nyingi zaidi. Huponywa kwa kuuliza mara ya kwanza.

Na hapa tuongeze neno moja juu ya wahudumu. Tumewaona baadhi ya wenzetu wakiwaita kwa kupiga vidole na kuwakaripia ili meza ya jirani ijue kwamba wao ni watu wakubwa. Mhudumu yule ni kijana wa Temeke au wa Moshi, anayesimama tangu saa kumi alasiri hata usiku wa manane, na labda ndugu yake ni karani mwenzetu. Mtu anayedai kwamba amekwenda pale kujifunza ustaarabu, kisha akamdharau anayemwandalia, amelipa ada na shule ameikosa.

Ya tatu, ya haki, ndiyo iliyo nzito. Ni kweli kwamba Mwafrika alibaguliwa katika hoteli na vilabu vya mji huu kwa rangi ya ngozi yake, wala hatutaki mtu yeyote alisahau jambo hilo. Lakini fikirini vema waliopigania jambo lile walipigania nini. Walitaka mlango usifungwe mbele ya mtu anayetaka kuingia. Hawakutaka mtu asiyetaka asukumwe ndani. Haki ya kuingia ina maana pale tu mtu anapokuwa na haki ya kupita njia yake akaenda kula kwake. Tena tuangalie tusijenge ubaguzi mwingine kwa mikono yetu wenyewe. Zamani mlango ulifungwa kwa rangi. Leo katika chama chetu meza imegawanyika kwa mshahara, na wale wasioweza kutoa mchango huandika kwamba wana udhuru, wana mgonjwa, wana safari. Sisi tuliopo masjala twazijua udhuru zile. Mgonjwa hayupo. Iliyopo ni aibu, na aibu hiyo tumeitengeneza sisi kwa waraka uliopigwa mhuri wa chama.

Kwa hiyo twaleta mbele ya wanachama mambo manne yafikiriwe katika mkutano mkuu ujao.

Kwanza, mchango wowote wa karamu uwe wa hiari, na orodha ya waliotoa na wasiotoa isisomwe mkutanoni wala isibandikwe ukutani.

Pili, karamu za kuagana zifanyike mchana au mapema jioni, mahali ambapo kila mwanachama aweza kufika na kurudi kwa nauli ya kawaida, na chakula kiwe cha namna ambayo watu wa dini zote waweza kula pasipo kuuliza.

Tatu, katika fedha zilizokusanywa kwa ajili ya mstaafu, sehemu isiyopungua nusu akabidhiwe yeye mwenyewe mbele ya watu, na mhazini atoe hesabu yote kwa maandishi.

Nne, mstaafu aulizwe mapema anapenda kuagwa namna gani, na jawabu lake lifuatwe.

Na wale wapendao mkahawa wa Kiitalia, wasidhani twawakataza. Waende kwa fedha zao, siku waitakayo, pamoja na wake zao au waume zao, wakale polenta wakijua ni ugali, na ribollita wakijua ni kiporo, na wakizisifu sahani zile wawasifu pia wakulima wa Veneto waliozila kwa dhiki. Huenda baadhi yetu tukafuatana nao, kila mtu akilipa sahani yake. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa mgeni ni mzuri kuutazama, na kuukalia siku moja si vibaya. Lakini mbacha ni wetu, na juu yake wenzetu wote hupata mahali pa kukaa.

Mkutano mkuu uko karibu. Kila mwanachama ana kura moja, tarishi kama mkuu wa idara. Na tuitumie.

Ni sisi,
Makarani wa Masjala.